Swali Ambalo Mwanangu Hakulitafsiri

Kanisani kwetu Katwe, hapa Kampala, Jumapili ya ushuhuda watu husimama wakasema yote. Mama mmoja atasimulia alivyovuka mpaka wa Bunagana usiku, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mwingine atasema yaliyompata msituni, na kanisa zima litalia naye. Ila sikuwahi kumsikia mtu akisimama kusema habari ya choo. Mimi nilisimama nikaisema, na leo naiandika, kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa napoteza damu kwa njia ambayo sisi tumelelewa tusiitaje.

Mimi ni Mshi wa Bukavu, mashariki ya Kongo, fundi cherehani. Niliondoka kwetu baada ya mji kutekwa na waasi Juni 2004. Tulipita Goma, Bunagana na Kisoro mpaka Kampala, na tangu hapo nashona vitenge. Wakimbizi tulioko Uganda tunazidi milioni moja na nusu. Wengi wako kwenye makazi kama Nakivale na Kyaka; sisi wa mjini tunajitafutia wenyewe. Utaratibu wa Uganda unatupa haki ya kutibiwa kama raia, na kwenye vituo vya serikali ada ya matibabu ilifutwa mwaka 2001. Kwa hiyo mlango wa kituo cha afya ulikuwa wazi kwangu siku zote. Tatizo lilikuwa nikishaingia ndani, nitasema kwa mdomo wa nani?

Maumivu yalianza pale chini ya kifua, katikati, juu ya kitovu. Yalikuwa yanakuja saa tano asubuhi tumbo likiwa tupu, kisha yananiamsha saa nane za usiku. Nikila kipande cha muhogo au nikinywa uji yanatulia, halafu baada ya muda yanarudi pale pale. Baadaye nilielezwa kwamba maumivu yanayotulizwa na chakula na kumwamsha mtu usiku mara nyingi hutokana na kidonda kilicho mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kwamba kidonda cha ndani ya mfuko wa tumbo wenyewe huelekea kuuma zaidi mtu akishakula. Si kanuni ya kukata kila shauri, lakini ni dalili ambayo mtu akiisema vizuri humsaidia mganga kujua pa kuanzia.

Kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa wangu. Wazee wa kwetu walisema ni karuho. Msomaji asiyetoka Kivu afahamu kwamba karuho kwetu ni sumu ya taratibu, ile ambayo mtu anawekewa kwenye chakula au pombe, akakonda na kuumwa tumbo mpaka azikwe. Jirani aliyekuwa akituletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Jumamosi akaanza kutazamwa kwa jicho baya, mama wa watu, ambaye hakufanya lolote isipokuwa ukarimu. Wengine walisema amiba. Katika Kongo yetu tumbo lolote ni amiba, na dawa yake kila mtu anaijua kwa kichwa. Waganda wakasema taifodi, nao walikuwa na sababu, maana mwaka 2015 taifodi iliwakumba watu wengi katikati ya Kampala, hasa wafanyabiashara wa mjini, wanaokunywa maji na juisi za barabarani. Nilipimwa damu kwenye kliniki ndogo ya binafsi, nikaambiwa taifodi ipo, nikachomwa sindano. Kipimo kile cha Widal, nimeelezwa sasa, kinaweza kuonyesha taifodi iliyokwisha pita zamani au kisionyeshe iliyopo; peke yake hakitoshi kumhukumu mtu. Na taifodi huja na homa ya siku nyingi. Mimi homa sikuwa nayo.

Wengine walisema ni mawazo ya ukimbizi. Hili liliniumiza kuliko yote, kwa sababu mawazo kweli ninayo, na mtu akishaambiwa ugonjwa wake ni mawazo hapewi tena kipimo. Mawazo yanaweza kuongeza maumivu ya tumbo, sikatai. Lakini wapo maelfu wenye mawazo kama yangu wasio na kidonda, na wapo wenye vidonda wanaolala usingizi wa raha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyeniuliza. Fundi cherehani anakaa ameinama toka asubuhi mpaka taa ziwashwe, na mgongo wangu ulikuwa unawaka. Kwenye duka la dawa la mtaani nilikuwa napewa vidonge vya diklofenaki vya mgongo. Tumbo lilipoanza kuuma, duka lile lile likaniongezea vidonge vya tumbo, vyote ndani ya bahasha moja ya karatasi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni ndugu wa ukoo mmoja. Zinazima maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayosaidia tumbo kutengeneza ute wa kulikinga na tindikali yake lenyewe. Ukizimeza kila siku, ule ute unapungua, na tindikali inayosaga nyama uliyokula inaanza kuila nyama yako. Kwa hiyo bahasha yangu ilikuwa na dawa ya tumbo pamoja na kitu kilichokuwa kinalichimba.

Hatimaye nilikwenda kituo cha afya. Nilikwenda na mwanangu wa kwanza, aliyekuwa darasa la tano wakati huo. Amezaliwa hapa, Kiganda na Kiingereza vinamtiririka, na ndiye aliyekuwa mdomo wangu katika kila ofisi ya mji huu. Mimi nina Kishi, Kiswahili, na Kifaransa cha shule ya msingi. Kiganda changu ni cha sokoni: bei, rangi, mita ngapi. Afisa tabibu alikuwa kijana mpole, wala sina neno baya juu yake. Aliuliza, mwanangu akanigeukia.

“Anauliza linauma wapi.”

Nikaonyesha.

“Anauliza limeanza lini.”

Nikasema. Kisha akauliza jambo jingine, na mwanangu akanyamaza. Alitazama viatu vyake. Akajibu neno moja kwa Kiganda bila kunigeukia.

“Ameuliza nini?” nikamwambia.

“Ameuliza kama unakula vizuri, Mama.”

Mtoto huyu hakukosa. Kwetu mtoto wa kiume hamwulizi mama yake habari za chooni, na mimi ndiye niliyemfundisha adabu hiyo. Mwenye kosa ni utaratibu unaomweka mtoto wa miaka kumi na moja katikati ya mgonjwa na mganga wake. Afisa yule alikuwa ameuliza kama choo changu kina damu au kimekuwa cheusi, na mwanangu, ili asinivunjie heshima, akajibu kwamba hakuna tatizo. Tukaandikiwa dawa ya kupunguza tindikali, tukarudi nyumbani.

Hata angeniuliza, sidhani kama ningekuwa na jibu. Sisi tulikuwa tunakaa kwenye vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, familia kwa chumba, na choo cha shimo kimoja cha kutumiwa na wote. Ndani ya choo cha shimo ni giza hata mchana. Unachuchumaa, unamaliza, unatoka haraka kwa sababu kuna watu wanangoja nje na ndoo zao za maji. Mtu anaweza kuishi mjini hapa miaka kumi asijue kinyesi chake kina rangi gani. Vitabu vya afya vinasema “ukiona choo cheusi nenda hospitali upesi,” na ni kweli tupu, lakini walioandika wanaonekana kudhani kila nyumba ina choo cheupe chenye taa.

Nilianza kuchoka. Kupanda kilima cha Nsambya kulinitaka nisimame kupumzika njiani, moyo ukinienda mbio. Viganja vyangu vikawa vyeupe, na uzi ulikuwa unanishinda kuingiza kwenye sindano kwa sababu ya kizunguzungu. Usiku mmoja sikuwa na nguvu ya kutoka nje, nikatumia ndoo ndani. Asubuhi nilipofungua mlango ili nikaimwage, mwanga ukaingia mpaka ndani ya ndoo. Kilichokuwemo kilikuwa cheusi, kinang'aa, kinanata ubavuni mwa ndoo, na harufu yake haikuwa ile ya siku zote.

Tulipanda boda boda, mwanangu nyuma akinishika nisianguke. Kituoni, aliyetupokea alikuwa muuguzi mwanamke wa makamo. Aliposikia nazungumza na mwanangu Kiswahili, akamtuma mtoto nje akatuletee maji. Kisha akafunga mlango, akasema nami Kiswahili cha kambini. Baba yake alikuwa askari, mtu wa Arua, na katika kambi za jeshi la Uganda watoto hucheza kwa Kiswahili.

“Mama, choo yako iko na rangi gani?”

“Nyeusi.”

“Nyeusi ya dodo, ama nyeusi ya lami?”

Nikamwelewa. Mboga za majani kama dodo huweza kukipa choo rangi ya kijani iliyokolea mpaka mtu akaiita nyeusi. “Ya lami,” nikamwambia.

“Inanuka tofauti?”

“Sana.”

“Na dawa ya maumivu unameza?”

Nikatoa bahasha yangu kwenye pochi. Akamwaga vidonge mezani, akavitenga kwa ncha ya kalamu, vya mgongo upande huu na vya tumbo upande ule, akaandika barua ya kunipeleka hospitali kubwa papo hapo. Alivuta ukope wangu wa chini, akatazama, akaniambia damu imekwenda. Damu inayotoka juu, tumboni, ikishapita kwenye tindikali na utumbo mzima haitoki nyekundu. Inatoka nyeusi kama lami. Ile nyekundu mbichi mara nyingi hutoka chini, kwa mfano kwenye bawasiri, ingawa nayo haifai kupuuzwa.

Hospitali walikuta hemoglobini yangu iko chini ya 6, wakati mwanamke mzima anatakiwa awe na 12 hivi. Niliongezewa damu iliyotoka Benki ya Damu ya Nakasero. Hiyo damu ni ya Waganda nisiowajua, walioitoa bure, na kila nikisikia gari la kuchangia damu limekuja mtaani huwahimiza watu wangu waende. Nilipopata nafuu waliniingiza bomba lenye kamera kwa mdomoni. Kumeza bomba ni jambo la kuogofya, lakini ni la dakika chache. Walikiona kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kipande cha nyama walichokichukua tumboni kikaonyesha bakteria anayeitwa Helicobacter pylori.

Kwa miaka mingi madaktari wa dunia nzima waliamini kwamba hakuna kidudu kinachoweza kuishi kwenye tindikali ya tumbo, na vidonda walivihesabu kuwa matokeo ya pilipili na mawazo. Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth huko Australia, ndio waliomwonyesha bakteria huyu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marshall alipoona hasikilizwi, mwaka 1984 alikunywa bakteria hao mwenyewe, tumbo lake likashikwa na uvimbe, na ushahidi ukapatikana. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria anajizungushia kemikali inayopooza tindikali, anajificha ndani ya ute, na kukaa humo maisha yote mtu asipotibiwa. Wengi humpata utotoni, kutoka kwa watu wa nyumba moja, hasa penye msongamano na maji yasiyo safi. Wengi walio naye hawaugui kamwe. Mimi nilikuwa naye, na juu yake nikaongezewa diklofenaki. Viwili hivyo vikikutana, hatari inazidi.

Nilipotoka hospitali nilimwita yule jirani wa sombe, nikamweleza mbele ya wazee wote wa mtaa jina la kilichokuwa kinaniumiza. Nilimweleza kwamba inawezekana nilikitoa Bukavu, kabla hajawahi kunijua. Habari ya karuho ilikufa siku ile, angalau katika uwanja wetu.

Dawa zilikuwa za siku 14: omeprazoli asubuhi na jioni kabla ya kula, amoksisilini na klarithromisini. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma tangu siku za kwanza, na tumbo liliharisha kidogo. Dozi kamili haikuwa rahisi kwa mfuko wa fundi, na kanisa lilinichangia. Nalisisitiza hili kwa sababu hapa mjini watu hununua dawa kwa vidonge vitatu vitatu, kadiri ya pesa ya siku hiyo, na maumivu yakitulia wanaacha. Bakteria aliyebaki hujifunza dawa. Nusu ya dozi ni pesa iliyopotea, na mara ya pili dawa zile zile zinaweza zisifanye kazi.

Kisha walinipa vidonge vya madini ya chuma ili damu irudi, na hapo nikapata hofu nyingine. Kwa kuwa sasa nilikuwa natumia ndoo na kutazama, niliona choo kimekuwa cheusi tena. Nilikimbia kwa yule muuguzi wa Kiswahili cha kambini nikiwa natetemeka. Aliniuliza kama kinanata na kama kinanuka ile harufu. Hapana. Akaniambia ni chuma hicho, hukipaka choo rangi, na kwamba tofauti iko kwenye kunata na harufu. Napenda kila mama mjamzito anayepewa vidonge hivi aambiwe jambo hili siku ya kwanza.

Chuma kiliniletea pia kufunga choo, na muuguzi akaniambia nile maharage, dodo, viazi vitamu, na ninywe maji ya kutosha. Ndipo nikasikia habari ya Denis Burkitt. Alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyekuja Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi miaka mingi hapo Mulago. Ulimwengu unamfahamu kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake, ambayo aliieleza mwaka 1958. Lakini aliona pia kwamba wagonjwa wake wa Uganda karibu hawakuwa na magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza: kufunga choo, bawasiri, uvimbe wa kidole tumbo. Yeye na wenzake wakapima kinyesi cha watu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1972 yalionyesha kwamba kinyesi cha wanavijiji wa Uganda kilizidi mara nne uzito wa kile cha mabaharia wa Uingereza, na chakula kilipita tumboni mwao kwa chini ya nusu ya muda. Akatumia maisha yake yaliyobaki kuwahimiza watu wale vyakula vyenye nyuzi. Yapo aliyoyasema ambayo utafiti wa baadaye umeyapunguza, lakini juu ya kufunga choo alikuwa sahihi. Mtu mzima, msomi, mcha Mungu, alikaa akapima kinyesi na kukiandika kwa heshima, na sehemu ya ushahidi wake ilitokana na wagonjwa aliowaona hapa hapa Kampala. Nilipolisikia hilo, aibu yangu ilipungua sana.

Baada ya kumaliza dozi nilingoja zaidi ya wiki nne, na wiki mbili za mwisho bila omeprazoli, kisha nikapima choo. Kupima mapema hudanganya, na kipimo cha damu hakifai kwa kazi hii, kwa sababu kinaweza kuendelea kumwonyesha bakteria hata akishaondoka. Kipimo changu kilitoka safi. Mgongo bado unaniuma. Natumia parasetamoli, nimeinua meza ya cherehani kwa matofali, na kila saa nasimama natembea.

Mwanangu aliniambia ukweli wa siku ile nilipokuwa kitandani, kabla hata sijauliza. Nilimwambia kwamba kazi ya kunitafsiria kwa waganga imekwisha. Sasa yuko sekondari, na akija nami hospitali anakaa nje na kitabu chake.

Kazi hiyo tumeichukua sisi wenyewe. Tuko akina mama wachache kanisani tuliojifunza Kiganda cha hospitali, na mwanamke mwenzetu akienda kutibiwa, mmoja wetu huenda naye. Usiku wa kuamkia safari tunamwuliza kwanza kwa Kiswahili au Kishi, mlango umefungwa: linauma ukiwa na njaa au umeshiba, choo kina rangi gani na kinanata au hakinati, umekonda, unatapika, unameza dawa gani ya maumivu. Kabla ya hapo huwa tumeshamwambia atumie ndoo siku mbili tatu ili awe na jibu.

Wiki iliyopita nilikwenda na mama wa Uvira ambaye kila mtu amemwambia ana vidonda kama vya kwangu. Maumivu yake si kama ya kwangu. Chakula kigumu kinakwama kifuani, ugali haupiti tena, anaishi kwa uji, na gauni nililomshonea Krismasi linampwaya mabegani. Hiyo ni dalili ambayo haitakiwi kungoja dawa ya tindikali ijaribiwe, maana saratani ya umio ipo sana katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Nilimweleza afisa tabibu neno kwa neno, kwa Kiganda, pamoja na habari ya gauni. Ameandikiwa kipimo cha kamera siku ya Jumanne, na tumeshakubaliana ni nani atabaki na watoto wake.